Mwenye Kadi Ana Haki ya Kuisoma

Geuza kadi ya benki iliyo mfukoni mwako na kwa kawaida utakuta nyuma yake utepe mweusi au wa kahawia, umenyooka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mwenye duka huupitisha kwenye mashine yake ya malipo. Hoteli nyingi zimekuwa zikiandika tepe za namna hiyo upya kila mgeni anapopewa chumba, mageti ya vyuo yamekuwa yakizisoma na kufunguka, na kampuni za usafiri zimeweka humo thamani ya tiketi. Katika mlolongo huo wote yuko mtu mmoja ambaye hapewi nafasi ya kuona kilichoandikwa, naye ni yule anayeibeba kadi. Kwa zaidi ya miaka 20 pengo hilo limezibwa na programu ndogo za kompyuta zilizoandikwa na wadadisi, wengi wao wanafunzi wa Marekani, wakazigawa bure kwa yeyote aliyezitaka. Programu hizo zimeitwa zana za wezi, na baadhi ya watu waliozitumia kuchunguza kadi wamejikuta mahakamani. Ninavyoona mimi, kusoma kadi yako mwenyewe ni haki. Walioandika programu za kuisomea wameutendea umma wema ambao wenye mifumo hawakuwa tayari kuutenda, na sheria inayowatazama kwa jicho la polisi inamtafuta mhalifu mahali asipokuwepo.

Utepe huo ulizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 mikononi mwa Forrest Parry, mhandisi wa IBM aliyetakiwa kuunganisha kipande cha utepe wa sumaku na kadi ya plastiki kwa ajili ya vitambulisho vya shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Kila gundi aliyoijaribu iliuharibu utepe. Inasimuliwa kwamba alirudi nyumbani akiwa amekata tamaa, akamkuta mkewe Dorothea akipiga pasi, na mama huyo ndiye aliyemshauri auyeyushie utepe kwenye plastiki kwa pasi ile ile. Ushauri ulifanya kazi. Baadaye wenye biashara waligawana utepe katika njia tatu zinazokwenda sambamba: ya kwanza ikapangwa na shirika la kimataifa la usafiri wa anga, IATA, ya pili na chama cha mabenki cha Marekani, ya tatu na taasisi za kuweka akiba. Vipimo vyake viliingizwa katika viwango vya kimataifa vya ISO, na humo imeandikwa kwamba njia ya kwanza hubeba hadi alama 79, ya pili 40 na ya tatu 107. Mtu yeyote anaweza kununua nakala ya viwango hivyo. Lugha ya utepe haijawahi kuwa siri, na anayeisoma havunji kufuli yoyote.

Kwa kweli unaweza kuiona lugha hiyo hata bila kompyuta. Chukua kadi iliyokwisha muda wake, nyunyizia utepe unga laini sana wa chuma, kisha igonge kidogo ukingoni. Unga wa ziada hudondoka, unaobaki hujipanga katika vistari vyembamba vilivyosimama wima, vingine vimekaribiana na vingine vimeachana. Kwenye njia ya pili kuna biti 75 katika kila inchi, kwa hiyo kila biti ina upana wa takriban theluthi moja ya milimita, na jicho zima huiona bila lenzi. Vistari hivyo huonyesha mahali ambapo mwelekeo wa sumaku unageuka. Mgeuko ukitokea katikati ya nafasi ya biti, hiyo ni moja. Usipotokea, ni sifuri. Na kwa kuwa kila biti huanza na mgeuko wake, msomaji hajali sana kama mkono ulipita haraka au polepole. Ndiyo sababu kichwa cha sumaku kilichong'olewa kwenye redio ya kaseti, kikaunganishwa kwa nyaya mbili na tundu la maikrofoni la kompyuta, kinatosha kuwa kisomaji. Kadi inapopita, kompyuta hurekodi mkwaruzo mfupi, kana kwamba ni sauti. Programu hupima umbali kati ya kilele kimoja cha mkwaruzo na kingine, ikapata msururu wa moja na sifuri, kisha ikaukata mafungu ya biti tano tano, nne zikiwa za tarakimu na ya tano ya kuhakiki.

Kinachotokea kwenye kioo baada ya hapo ni kifupi mno. Kwenye njia ya pili ya kadi ya benki kuna nukta mkato ya kuanzia, namba ya kadi, alama ya sawasawa, mwaka na mwezi wa kwisha muda, tarakimu tatu za huduma, tarakimu chache za benki yenyewe, na alama ya kuuliza ya kufungia. Tarakimu ya kwanza kati ya zile tatu za huduma ikiwa 2, mashine inaarifiwa kwamba kadi hii ya kimataifa ina chipu na chipu ndiyo itumike. Jina la mwenye kadi liko njia ya kwanza. Salio la akaunti halimo, anwani haimo, na namba ya siri unayobonyeza kwenye ATM haikuandikwa humo kama unavyoijua. Mwishoni mwa namba ya kadi kuna tarakimu ya kuhakiki inayotokana na hesabu ya Hans Peter Luhn, mhandisi mwingine wa IBM, aliyeomba hataza yake mwaka 1954. Hesabu hiyo, pamoja na biti za kuhakiki, hukamata makosa ya mkono na uchafu wa kichwa cha kusomea. Hazikuwekwa kwa ajili ya mwizi. Tarakimu za benki ndizo pekee zenye kinga ya aina fulani, kwa sababu humo mna thamani ambayo benki huikokotoa kwa ufunguo wake wa siri ili kutambua namba zilizobuniwa, lakini hata thamani hiyo hunakiliwa pamoja na vingine vyote. Utepe, kwa umbo lake, ni barua isiyo na bahasha. Walioutengeneza walijua hivyo, mabenki yalijua hivyo, na wezi walijua mapema sana. Mteja ndiye aliyeachwa gizani.

Giza hilo lilianza kupungua kwa maandishi kabla ya programu. Mwaka 1992 jarida la kielektroniki la Phrack lilichapisha makala ndefu ya mwandishi aliyejiita Count Zero, iliyoeleza hatua kwa hatua jinsi sumaku inavyogeuka kuwa biti na biti kuwa herufi. Miaka kadhaa baadaye zikafuata programu zenyewe. Joseph Battaglia aliandika programu fupi mbili za kusoma kadi kupitia sauti, na mwaka 2005 akaeleza katika jarida la 2600 jinsi MetroCard, kadi ya treni na mabasi ya New York, ilivyopanga taarifa zake. Billy Hoffman, aliyesoma chuo cha Georgia Tech mjini Atlanta, aliandika Stripe Snoop, programu huria ambayo haikuishia kutoa tarakimu. Ilizilinganisha na hazina ya miundo ya kadi iliyokwisha kujulikana, ikamweleza mtumiaji kwamba sehemu hii ni namba ya mwanachama, ile ni tarehe, na ile nyingine bado haijafahamika. Hazina hiyo naiona kuwa na thamani kuliko msimbo wa programu. Mtu mmoja akisoma kadi yake anajua jambo moja. Watu wakikusanya walichokisoma mahali pamoja wanaanza kuona jinsi taasisi zinavyotunza, au zinavyotupa ovyo, taarifa za watu wengine.

Faida ya kwanza ya kuona ni kwamba uvumi hukosa pa kusimama. Mwaka 2003 ilienea kwa barua pepe habari iliyotokana na onyo la polisi wa Pasadena, California, kwamba kadi za kufungulia vyumba vya hoteli huhifadhi jina la mgeni, anwani ya nyumbani kwake na namba ya kadi yake ya benki, na kwamba mfanyakazi mwovu anaweza kuisoma kadi iliyorudishwa mapokezi na kumwibia. Polisi wenyewe walirudi kusema kwamba hilo halikuwa jambo la kawaida, lakini onyo lilikwisha kusambaa na liliendelea kuzunguka kwa miaka. Lilizimwaje kwa wale waliotaka kujua ukweli? Kwa kusoma kadi. Jarida la Computerworld lilikusanya kadi 100 za hoteli mbalimbali, likazipitisha kwenye visomaji, na halikukuta taarifa binafsi za wageni. Hapo hapakuwa na haja ya tamko la chama cha wenye hoteli wala hotuba ya afisa wa usalama. Jambo linalopimika lilipimwa, kwa vifaa ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvipata.

Faida ya pili inakwenda upande wa pili, pale hofu inapokuwa ya haki. Katika majimbo kadhaa ya Marekani leseni ya udereva ilitengenezwa ikiwa na utepe wa sumaku au msimbo wa kuchapwa unaosomwa na mashine. Baa zilianza kupitisha leseni kwenye visomaji mlangoni, kwa kisingizio cha kuhakiki umri, na mashine zikawa zinaweza kubaki na jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa ya kila aliyeingia. Kijana aliyetoa leseni ili aruhusiwe kunywa bia alikuwa ameacha mlangoni orodha ambayo hangeitoa kama angeombwa kwa mdomo. California na Texas ziliweka sheria za kubana usomaji wa namna hiyo, na sheria ya California inataja sababu ambazo kwazo mfanyabiashara anaruhusiwa kupitisha leseni ya mteja. Raia hawezi kudai ulinzi wa taarifa ambazo hajui kama ziko pale. Na hapa ndipo ukosefu wa uwiano unapoonekana wazi: mwenye baa aliposoma leseni za watu mia kwa usiku mmoja aliitwa mfanyabiashara makini, ilhali mwanafunzi aliyesoma leseni yake mwenyewe nyumbani alitiliwa shaka.

Kisa kinachobeba hoja nzima, hata hivyo, ni cha Boston. Mwaka 2008 wanafunzi watatu wa chuo cha MIT, Zack Anderson, RJ Ryan na Alessandro Chiesa, walichunguza tiketi za MBTA, shirika la usafiri wa umma la jiji hilo, kama kazi ya darasa la usalama wa kompyuta lililofundishwa na Profesa Ron Rivest. Shirika lilikuwa na aina mbili za tiketi. Moja, CharlieTicket, ilikuwa ya karatasi yenye utepe wa sumaku. Waliposoma utepe huo wakakuta kwamba thamani ya fedha imeandikwa kwenye tiketi yenyewe, na kinga yake ni hesabu ya kuhakiki ya biti 6 tu. Biti 6 hutoa majibu 64 na si zaidi. Anayebahatisha, hata bila kujua kanuni ya hesabu hiyo, atalipata jibu sahihi kabla ya kufika jaribio la 65. Mabenki, pamoja na udhaifu wote wa utepe wao, hayakufanya kosa hilo. Fedha za mteja ziko kwenye mashine kuu ya benki na utepe husema tu akaunti ni ipi, kwa hiyo kubadili tarakimu kwenye kadi hakumwongezei mtu hata senti. Shirika la umma lilikuwa limeweka fedha za jiji kwenye karatasi.

Wanafunzi walikusudia kueleza matokeo yao katika mkutano wa DEF CON jijini Las Vegas tarehe 10 Agosti. Siku chache kabla walikutana na maofisa wa MBTA na afisa wa FBI. Tarehe 8 shirika likafungua kesi, na tarehe 9, siku ya Jumamosi, jaji wa mahakama ya shirikisho akatoa amri ya zuio la muda. Hotuba haikutolewa. Lakini picha za maelezo zilikuwa tayari zimegawiwa kwa waliohudhuria ndani ya diski za mkutano, na MBTA yenyewe iliambatanisha kwenye nyaraka za wazi za mahakama ripoti ya siri ambayo wanafunzi walikuwa wameiandikia, ikiwa na maelezo zaidi ya yale yaliyokusudiwa kusemwa jukwaani. Tarehe 19 Agosti Jaji George O'Toole alikataa kuendeleza zuio, kwa kuona kwamba sheria ya udanganyifu wa kompyuta iliyotajwa inahusu anayepeleka msimbo wenye madhara kwenye kompyuta, na haielekei kumhusu anayezungumza mbele ya watu. Kabla ya mwaka huo kwisha pande mbili zilipatana, na wanafunzi wakakubali kulisaidia shirika kurekebisha mfumo. Siku 10 za zuio hazikuongeza biti hata moja kwenye hesabu ile ya kuhakiki. Kilichosaidia ni yale ambayo vijana wale walikuwa wamekwisha kuyasoma.

Wapo watakaosema kwamba nimechagua kisa chenye mashujaa wasafi. Hawakuwa safi kabisa. Tangazo la hotuba yao lilianza kwa kuwauliza wasikilizaji kama wanataka kusafiri bure maisha yao yote, na maneno ya namna hiyo yalimpa wakili wa MBTA silaha ambayo angeitafuta kwa shida. Miaka mitano nyuma, mwaka 2003, Hoffman na mwenzake Virgil Griffith walizuiwa na mahakama ya Georgia kuzungumzia mfumo wa kadi za vyuo wa kampuni ya Blackboard katika mkutano wa Atlanta, na kampuni ilidai kwamba kifaa chake kilichokuwa chuoni kilifunguliwa bila ruhusa. Shauri hilo liliishia kwa maafikiano, si kwa hukumu. Mimi sitetei kufungua sanduku la mtu mwingine. Kufungua kifaa kisicho chako ni tendo, lina tarehe, mahali na mlalamikaji, na sheria za kawaida zinalitosha. Kinachonisumbua ni jinsi tendo hilo linavyotumiwa kufunika jambo lingine, yaani kuzuia mazungumzo kuhusu udhaifu ambao wanafunzi na wazazi wanaolipia kadi hizo wana haki ya kuujua.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba programu inayomsaidia mdadisi humsaidia pia mwizi. Siwezi kulikataa kabisa, kwa sababu maarifa hayachagui anayeyapokea. Lakini tuulize wezi wamefanya kazi kwa zana gani. Kati ya mwishoni mwa Novemba na katikati ya Desemba 2013, wahalifu walichukua taarifa za kadi milioni 40 za wateja wa maduka ya Target nchini Marekani. Hawakupitisha hata kadi moja mbele ya kichwa cha kaseti. Walipenyeza programu hasidi kwenye mashine za malipo, ikanyakua maandishi ya utepe ndani ya kumbukumbu ya mashine wakati muuzaji alipokuwa akihudumia foleni. Wanaobandika kisomaji cha bandia kwenye mdomo wa ATM nao huhitaji kifaa chembamba kinachohifadhi data, kamera ya kuchungulia namba ya siri, na mashine ya kuandikia kadi mpya, ambayo huuzwa madukani kihalali kwa wenye kuchapisha kadi za uanachama. Programu ya bure inayoonyesha maandishi kwenye kioo haiwaongezei kitu, kwani wao wana kila kitu tayari, na ISO iliwapa kamusi kabla ya wadadisi kuzaliwa.

Hata ndani ya biashara yenyewe hoja hii imepigwa na kurudi. Machi 2011 mkuu wa VeriFone, kampuni kubwa ya mashine za malipo, alitoa barua ya wazi akiishutumu kampuni changa ya Square kwamba kisomaji chake kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la spika za masikioni la simu kilipeleka data ya kadi bila kuifunga kwa msimbo, na kwamba mwenye ujuzi kiasi angeweza kuandika programu ya kuiba data hiyo. VeriFone ilionyesha programu ya namna hiyo. Jack Dorsey wa Square alijibu kwamba shutuma hiyo haikuwa ya haki, kwa kuwa kila mhudumu wa mgahawa unayemkabidhi kadi anaweza kuinakili. Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na wote wawili walikuwa wakiuza mashine. Baadaye Square ilitoa visomaji vinavyofunga data. Mshindani alipochapisha programu ya kusoma kadi ili kuthibitisha udhaifu, jambo hilo lilichukuliwa kuwa ushindani wa kibiashara. Sioni sababu ya mwanafunzi anayefanya kazi hiyo hiyo bila faida kupimwa kwa kipimo kikali zaidi. Tena, waandishi makini wa programu hizi wamejiwekea mipaka. Samy Kamkar alipotoa MagSpoof mwaka 2015, kifaa kidogo kinachoiga utepe kwa uga wa sumaku, alieleza udhaifu alioukuta lakini aliondoa kwenye msimbo sehemu ambazo zingemwezesha mtu kukwepa chipu au kubashiri namba ya kadi mbadala.

Kuna pia hoja ya umiliki. Kadi nyingi za benki zimechapwa nyuma kwamba ni mali ya benki na irudishwe ikitakiwa, na kwa hiyo, husemwa, mteja hana ruhusa ya kuichunguza. Plastiki inaweza kuwa ya benki. Jina lililoandikwa humo ni la mteja, na namba iliyomo ni ya akaunti yenye fedha za mteja. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinampa mtu haki ya kufikia taarifa zake zilizo mikononi mwa taasisi. Ikiwa naweza kuiandikia benki barua na kudai inionyeshe inachohifadhi juu yangu kwenye mashine zake, itakuwa ajabu nizuiwe kusoma kile ilichokiweka mfukoni mwangu.

Mwingine atasema mjadala huu umepitwa na wakati kwa sababu utepe unakufa. Ni kweli unakufa, ingawa taratibu. Mastercard ilitangaza mwaka 2021 kwamba tangu 2024 mabenki ya sehemu nyingi za dunia, kuanzia Ulaya, hayatalazimika tena kuuweka, kwamba kuanzia 2029 hakuna kadi mpya ya Mastercard itakayotolewa ikiwa nao, na kwamba kufikia 2033 utakuwa umetoweka kwenye kadi zake zote. Huko New York mauzo ya MetroCard yalikoma mwishoni mwa 2025. Lakini ugomvi haukuwa wa utepe peke yake, na Boston inalithibitisha hilo pia. Tiketi ya pili ya MBTA, CharlieCard, ilikuwa ya kugusisha na ilitumia chipu ya MIFARE Classic, jamaa ya ile iliyokuwa kwenye kadi ya Oyster ya London. Usalama wa chipu hiyo ulitegemea msimbo uliofichwa na mtengenezaji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walipouvunja, kampuni ya NXP, iliyoitengeneza chipu hiyo, ilikwenda mahakamani kuzuia makala yao ya kisayansi isichapishwe. Julai 2008 mahakama ya Arnhem ilikataa, ikieleza kwamba hasara ya kampuni inatokana na kutengeneza na kuuza chipu yenye kasoro, wala haitokani na kuchapishwa kwa makala. Hukumu hiyo ya Waholanzi naiona kuwa msimamo sahihi kuliko wote uliowahi kutolewa katika mashauri ya aina hii, na inastahili kusomwa na kila anayetunga sheria za mtandao.

Inatuhusu, kwa sababu sheria hizo tunazo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kumiliki au kushughulika isivyo halali na kifaa, ikiwemo programu ya kompyuta, kilichobuniwa au kurekebishwa kwa kusudi la kutenda kosa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ina katazo la jinsi hiyo, lakini imeongeza kwamba si kosa pale shughuli inapokuwa ya mafunzo, majaribio au ulinzi wa mfumo wa kompyuta ulioidhinishwa. Nyongeza hiyo ni nzuri, ila haimfikii mtu wa kawaida. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret mwenye kichwa cha redio ya kaseti, kompyuta ya mkononi na kadi yake iliyokwisha muda hana wa kumwidhinisha. Neno kusudi, likitafsiriwa kwa haki, linamlinda; likitafsiriwa na afisa mwenye haraka aliyekuta programu ya kusoma kadi kwenye kompyuta, linaweza kumlaza mahabusu kabla hajapata wa kumwelewa. Tofauti ya mambo haya mawili haipaswi kuachwa itegemee tabia ya afisa wa zamu.

Kinachotakiwa ni kidogo na kinaandikika. Sheria itamke kwamba kusoma taarifa zilizo kwenye kadi aliyopewa mtu kihalali, kwa kifaa au programu yoyote, si kosa, na kwamba kosa huanza pale anaponakili kadi ya mwingine, anapobadili thamani, au anapoingia kwenye mfumo asioruhusiwa. Mabenki, vyuo na kampuni za usafiri zinazotoa kadi zichapishe kwa lugha ambayo mteja anaifahamu orodha ya kila taarifa iliyo kwenye kadi, iwe kwenye utepe au kwenye chipu, na anwani ya kumpelekea aliyegundua kasoro bila kuogopa kushtakiwa. Na wewe unayesoma, ukikabidhiwa kadi yako ijayo kaunta, muulize afisa ni taarifa gani zako zimeandikwa humo, na usiondoke na jibu la kwamba hilo ni suala la makao makuu.